Trasirodi si jeki ya nyuzi

Jumamosi kaja kijana wa kwaya na gitaa la besi limefungwa kwa shuka. Hata salamu hazijaisha, kanieleza habari ya trasirodi, kile chuma cha ndani ya shingo ya gitaa: "Fundi, trasirodi nimeikaza mpaka mwisho, lakini nyuzi hazishuki." Huyo ni wa nne tangu Pasaka. Wa kabla yake alikuwa dada mmoja mwanafunzi wa uhandisi, tena hodari wa hesabu, na yeye alisema maneno yaleyale. Nikashika kichwa. Halafu nikashika gitaa, maana gitaa halina kosa.

Wote wanne walikuwa wamejiundia magitaa wenyewe kutokana na zile seti za kuagiza mtandaoni. Mnazijua: mwili umeshachongwa, shingo ina freti tayari (vile vichuma vinavyoikata kwa upana), kuna pikapu ya kunasa sauti, daraja la kushikia nyuzi mwilini, funguo nne za kukazia nyuzi, kifurushi cha skrubu na karatasi ya maelekezo yenye picha za kukisia. Nyingi zinaiga Precision Bass, ambayo kampuni ya Fender ya Marekani waliitoa 1951, au Jazz Bass yao ya 1960, na uzi unaopiga una urefu wa inchi 34, yaani milimita 864. Vijana huziita "kit". Mimi nasema seti, maana karakanani kwangu kiti ni cha mteja kukalia akisubiri.

Kujiundia gitaa ni jambo zuri na siwezi kumkatisha mtu tamaa. Kinachonichosha ni haya wanayoambiana.

"Nyuzi ziko juu? Kaza trasirodi"

Hii ndiyo mama yao, kwa hiyo nitakaa nayo.

Nyuzi nne za besi zikishapanda kwenye sauti zake za E, A, D na G (E ndio uzi mnene kabisa, G ndio mwembamba), kwa pamoja zinaivuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 70 mpaka 80, kutegemea unene wake. Ni sawa na kumning'iniza mtu mzima hapo, usiku na mchana, mwaka mzima. Mbao haiwezi kubaki imenyooka. Inakunja mbele, kama upinde unavyokunjwa na kamba yake. Trasirodi ni chuma kilichozikwa ndani ya shingo ili kivute upande wa pili. Gibson walipata hataza ya trasirodi ya kurekebishwa 1923, na tangu hapo kazi yake haijabadilika: kuamua shingo inakunja kiasi gani. Kimo cha nyuzi kinaamuliwa na vitu vingine vitatu. Kuna vikalio, vile vichuma vya kwenye daraja ambavyo kila uzi unakaa juu ya kimoja. Kuna mifereji ya kile kipande cha plastiki au mfupa karibu na kichwa. Halafu kuna pembe ambayo shingo imeingia nayo mwilini.

"Lakini fundi, nikikaza zinashuka kweli!"

Ndiyo, zinashuka kidogo, na hicho ndicho kinachowadanganya. Panadol nayo hushusha homa, malaria ikabaki palepale. Ukiinyoosha shingo iliyokuwa imekunja, freti za katikati zinapanda kuzifuata nyuzi, unaona pengo limepungua, unafurahi. Unakaza tena. Shingo inapita unyoofu, inatuna katikati, na sasa uzi wa E unagonga freti ya kwanza mpaka ya nne huku kule juu, freti ya 17, bado unaweza kupitisha kidole. Hapo mtu anasema seti ni mbovu.

Pima kwanza. Gitaa likiwa limepandishwa sauti kamili, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza (ukiwa na kapo, kile kibanio cha nyuzi, weka kapo), na mkono mwingine ubonyeze uzi huohuo pale shingo inapokutana na mwili. Uzi uliokazwa hivyo ni rula iliyonyooka kuliko rula nyingi za dukani. Angalia pengo kati ya uzi na freti ya 8. Unataka milimita 0.3 hivi, au zaidi kidogo. Kipimo ni fila, ile ile anayotumia makanika kupimia valvu. Kama huna fila, kadi ya jina ya karatasi ngumu ina unene unaokaribia huo. Ikipita kwa kugusa kidogo, iache trasirodi kama ilivyo, hata kama nyuzi ziko juu kama kamba za kuanikia nguo. Tatizo liko kwingine.

Pengo likiwa kubwa mno, geuza kwa mwendo wa saa, robo mzunguko tu, tuni tena, pima tena. Likiwa sifuri, geuza kinyume. Seti nyingi siku hizi zina trasirodi ya pande mbili, na katikati yake kuna mahali inapolegea kabisa na alenki, ule ufunguo wa pembe sita wa kuigeuzia, inazunguka bila kushika. Usishtuke, haijavunjika, endelea taratibu mpaka ishike. Alenki iwe saizi yake hasa. Ya inchi ndani ya tundu la milimita italila tundu, na tundu likishalika utakuja kwangu ukiwa mnyonge. Ikigoma, acha. Nilipoanza kazi hii nilimkaidi mzee aliyekuwa akinifundisha, nikaongeza robo moja ya mwisho kwenye gitaa la mtu. Likasikika "tak", si kubwa, kama kijiti cha kiberiti. Kuitoa trasirodi iliyovunjika ni kuubandua ubao wa vidole mzima, ule wa juu ya shingo unaobeba freti. Lile gitaa nililinunua.

Shingo ikiwa sawa, ndipo uende kwenye kimo. Pima kwenye freti ya 17 bila kubonyeza kitu. Kwa ubao wa vidole wa mviringo wa kawaida, Fender wanaanzia kwenye milimita 2.4 upande wa E na milimita 2 upande wa G, nami huanzia hapohapo. Mpigaji wa kwaya anayetumia nguvu namwongezea, wa vidole vyepesi nampunguzia. Vikalio vinapandishwa na kushushwa kwa viskrubu vidogo. Kazi ya dakika tano.

Na mkwaruzo una anwani yake. Uzi ukikwaruza kuanzia freti ya kwanza mpaka ya tano hivi, shingo imenyooka mno au imetuna. Ukikwaruza ukiwa wazi tu na ukibonyeza unanyamaza, mfereji wa kile kipande cha karibu na kichwa umechongwa chini mno. Ukikwaruza kuanzia ya 12 kwenda juu, angalia vikalio na pembe ya shingo. Ukikwaruza kwenye freti moja tu, freti inayofuata imenyanyuka kuliko wenzake. Hapo trasirodi hata ingekuwa ya dhahabu haikusaidii.

Sasa turudi kwa kijana wa kwaya. Freti ya 8: sifuri, uzi umelala juu yake. Freti ya 17: karibu milimita 4. Vikalio vyote vinne vilikuwa vimeshushwa mpaka vimegusa bamba la daraja, havina pa kwenda tena. Nikalegeza nyuzi, nikafungua skrubu nne za nyuma, nikaitoa shingo. Jibu lilikuwa humo ndani linang'aa.

Mwili alikuwa ameupaka vanishi mikono minne, kazi safi kabisa kwa nje, na mfuko wa shingo, lile shimo la mwilini inamokaa shingo, akaupaka humohumo. Kwenye mdomo wa mfuko, upande unaoelekea kichwani, vanishi ilikuwa imetiririka ikagandia kimgongo. Nilikipima kwa fila: nusu milimita. Mtu ataona ni kitu kidogo. Mfuko una urefu wa kama sentimita saba na nusu. Ukiinua mdomo wake kwa nusu milimita, shingo nzima inainama mbele, na huo mwinamo ukifika kwenye daraja unakuwa karibu milimita 2. Maana yake vikalio vinatakiwa kushuka milimita 2 zaidi, navyo havina pa kushukia. Ndiyo maana akakimbilia trasirodi.

Nikachukua patasi, nikakikwangua kile kimgongo, nikasawazisha kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka (usitumie kidole, kidole kinachimba). Trasirodi nikailegeza robo robo mpaka pengo la freti ya 8 likarudi. Nilipofunga tena, vikalio ilibidi nivipandishe. Kijana akauliza kama nimebadilisha shingo.

Wakati mwingine mfuko ni msafi na nyuzi bado ziko juu, kwa sababu kiwandani umechongwa kwa kina zaidi au umeinama kidogo. Dawa yake ni kabari nyembamba nyuma ya mfuko, upande unaoelekea daraja, ili kichwa kirudi nyuma. Kumbuka hesabu ileile: nusu milimita hapo ni milimita 2 na ushee kwenye daraja. Kadi ya benki iliyokwisha muda, ambayo kila mtu anaikimbilia, ina unene wa milimita 0.76. Kwa kawaida ni nyingi mno. Mimi hutumia ganda la mbao lililochongwa mteremko ili shingo ikae imegusa kote.

"Basswood ndiyo mbao ya besi, jina linasema"

Jina halisemi hivyo. Basswood ni mti wa jamii ya Tilia, na hiyo "bass" imetokana na neno la Kiingereza la nyuzinyuzi za gome lake la ndani, zilizokuwa zikisokotwa kamba. Sauti nzito haihusiki. Viwanda vinaipenda kwa kuwa ni nyepesi, laini kuchonga na bei yake nafuu. Magitaa ya solo mangapi yametengenezwa kwa mti huohuo!

Wapo pia wanaotaka kuutupa mwili wa seti na kuchonga mwingine wa mpingo, kwa sababu mpingo ni wetu na ndio unaotengenezewa klarineti duniani kote. Ni kweli. Ila mpingo huzama majini. Mwili ambao kwa mbao nyepesi ungekuwa na kilo 2 na kitu, kwa mpingo utakaribia kilo 6, kabla hujafunga shingo wala daraja. Ibada ya saa tatu utaimaliza umekaa. Halafu pikapu haisikii mbao. Ni sumaku na waya uliozungushwa, inasikia uzi wa chuma unaotikisika juu yake, basi. Ukitaka sauti ibadilike upesi, badilisha nyuzi au sogeza mkono wa kulia karibu na daraja. Ukitaka mbao ya nyumbani, mninga, na uuchukue kwa sababu unapendeza.

"Ni kufunga skrubu tu, alasiri moja inatosha"

Kufunga, ndiyo. Kupigika, hapana. Freti za seti nyingi hazijasawazishwa, na ncha zake pembeni zinakwangua kiganja kama msumeno. Vanishi inataka siku zake. Hapa Dar wakati wa masika ninaiacha wiki mbili kabla ya kufunga kitu juu yake, na hata hivyo naigusa kwa ukucha kwanza.

Lakini kama utafuata ushauri mmoja tu kati ya yote niliyosema, ufuate huu: liunganishe gitaa lote likiwa mbao tupu, kabla ya tone la kwanza la vanishi. Funga shingo. Weka daraja mahali pake bila kutoboa, pima kutoka kile kipande cha karibu na kichwa mpaka freti ya 12, ni milimita 432, rudia hapohapo kwenda mbele, na kikalio cha G kiwe hapo kikiwa na nafasi ya kurudi nyuma. Sasa chukua uzi wa cherehani, unyooshe kutoka mfereji wa E mpaka kwenye kikalio chake, na mwingine wa G. Ziangalie hizo nyuzi mbili zikipita pembeni mwa ubao wa vidole. Mmoja ukiwa unaning'inia nje na mwingine uko ndani, daraja lisogee sasa, wakati mashimo bado hayapo. Nimeona gitaa limepakwa rangi ya kupendeza kweli, ya bahari, halafu uzi wa G unateleza nje ya freti kila ukiugusa. Mwenyewe alitaka kulia.

Skrubu za funguo ni ndogo na chuma chake ni laini kama jibini. Toboa kwanza kwa biti nyembamba, isugue skrubu kwenye mshumaa, ndipo uifunge kwa bisibisi ya mkono. Si sabuni, sabuni inavuta unyevu. Wala si drili ya betri. Kwenye kopo la kahawa hapa mezani nina vichwa vya skrubu vilivyokatika, na kila kimoja kina mwenyewe aliyekuwa na haraka.

"Vikalio havijapangika mstari mmoja, daraja limekosewa"

Wapo wanaovipanga vikanyooka kama askari kwenye gwaride, halafu wanashangaa mbona freti ya 12 haikubaliani na kinanda. Uzi mnene ni mgumu, na ukiubonyeza unavutika, sauti inapanda. Ili kuufidia, kikalio chake kinarudi nyuma. Ndiyo maana cha E huwa nyuma ya cha G kwa milimita kadhaa. Uguse uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze hapohapo. Ukibonyeza sauti ikawa juu zaidi, kirudishe kikalio nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya, na fanya mwisho kabisa, baada ya shingo na kimo.

Na uzi wa besi usiukate kabla ya kuukunja. Kunja kona kali kwanza, kata mbele ya kona. Ukiukata ukiwa umenyooka, msokoto wa nje unaweza kulegea kwenye kiini chake, na uzi mpya ukapiga kama wa mwaka juzi.

"Linavuma, linapiga shoti, pikapu imekufa"

Mvumo na shoti ni mambo mawili, tuyatenganishe.

Umeme wetu ni wa Hz 50, na mvumo wake unakaa jirani kabisa na G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E, ambayo ni Hz 49. Ndiyo maana kwenye besi unakera hivyo. Ukishika nyuzi mvumo ukapungua, gitaa lako ni zima: kuna waya unaotoka chini ya daraja kwenda kwenye ethi, nao unafanya kazi yake. Waya huo ndio unaosahauliwa kuliko vyote kwenye hizi seti, kwa sababu unatakiwa kulala chini ya daraja kabla hujalifunga. Ukishika nyuzi mvumo ukaongezeka, kwa kawaida nyaya mbili za kwenye tundu la kebo zimepishana. Fungua, zibadilishe, tia lehemu upya. Pikapu haijafa.

Shoti ndiyo habari nyingine. Gitaa la seti ya kawaida halina umeme wa kumpiga mtu. Pikapu inatoa kisehemu tu cha volti moja, na hata zile zenye betri ni volti 9. Ukiguswa midomo na maiki ukaruka, umeme ni wa volti 230, umetoka kwenye amplifaya au kwenye mikisa, kwa sababu soketi haina ethi au mtu ameunganisha ekstensheni ya nyaya mbili, au plagi imekatwa mguu wa tatu ili iingie. Nyuzi zako zimeungana na bodi ya amplifaya kupitia kebo, kwa hiyo mkono wako uko upande mmoja na mdomo uko upande wa pili. Nimeshaletewa gitaa ambalo mwenyewe, kwa ushauri wa rafiki, alikuwa ameukata ule waya wa daraja ili "lisimpige tena". Nikaurudisha, nikamwambia asilichomeke tena pale ukumbini mpaka fundi umeme akaipime ile soketi ya jukwaani. Alikwenda Jumanne. Waya wa ethi ulikuwepo ukutani, haukuwahi kufungwa.